Demani Haifungwi Fundo

Katika mashua ya mashindano ya Lamu, kamba inayoishika pembe ya nyuma ya tanga ni demani, na aliyekabidhiwa demani haifungi popote. Huizungusha mara moja ubavuni ili mbao imsaidie uzito, kisha hubaki nayo mkononi tangu chombo kinapoondoka mpaka kinapomaliza. Upepo ukija kwa kishindo huilegeza shibiri moja au mbili, tanga likamwaga upepo, chombo kikainuka. Upepo ukipungua, huivuta tena. Akiifunga fundo ili apumzishe viganja, dharuba ya kwanza itakilaza chombo, na wenzake wote wataonana majini.

Kwa sisi wa Bujumbura, ambao boti zetu za mbao zinazokwenda Rumonge na ng'ambo ya Kongo husukumwa na mashine, kazi ya namna hii yafaa kuelezwa polepole. Mashine ina tabia moja: ukiiwasha, inakwenda. Tanga halina tabia hiyo. Linataka liangaliwe dakika kwa dakika na watu kadhaa kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake, na anayepitiwa na usingizi wa macho hujulikana papo hapo kwa sababu chombo chenyewe kinasema.

Mashindano ya Lamu hufanyika mbele ya mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, katika mlango wa maji unaotenganisha kisiwa hicho na Manda. Tamasha la Utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida huja mwezi wa Novemba, lina mbio za punda, mchezo wa bao na mengineyo, lakini zamu ya mashua ikifika, gati hujaa watu mpaka wengine wanapanda juu ya mapaa. Vyombo hutoka Lamu mjini, Shela, Matondoni na vijiji vya visiwa vya jirani. Kila kimoja kina watu wake pwani, na wote wanajua kutazama. Ukimwuliza mzee aliyeketi pale kwa nini mashua fulani imeachwa nyuma, hatakwambia upepo haukuwa wake. Atakutajia pahali ilipogeuka na atakwambia ingegeuka wapi.

Tuanze na chombo. Mashua ya Lamu ni chombo cha wazi, chenye mlingoti mmoja ulioinamia mbele kidogo. Mlingotini hupandishwa foromali, mti mrefu unaobeba tanga, kwa kamba inayopita kwenye kapi. Tanga ni moja tu, karibu pembetatu: pembe ya mbele hufungwa omo, yaani ncha ya mbele ya chombo, na kamba yake ni joshi; pembe ya nyuma ndiyo ya demani. Nyuma kuna usukani na mkono wake, kana. Hivyo vichache ndivyo vyote. Hakuna gurudumu, hakuna saa ya kupimia upepo.

Matondoni, kijiji cha mafundi upande wa pili wa kisiwa, vyombo hivi huundwa bila mchoro wa karatasi. Fundi hulaza mkuku, ule mti wa chini kabisa, husimamisha nguzo za omo na za tezi, yaani nyuma, kisha hupandisha mbao na kutia mataruma, zile mbavu za ndani. Mataruma hukatwa katika matawi yaliyopinda yenyewe mtini. Tawi la namna hiyo lina nguvu kuliko mbao iliyonyooka ikachongwa kuwa pinde, kwa kuwa nyuzi za mti zimeufuata mpindo tangu ulipokuwa mche. Mbao iliyochongwa nyuzi zake zimekatwa katikati, na hapo ndipo itakapovunjika. Basi fundi anapokwenda kutafuta miti huwa ameshaliona umbo la chombo, na anachokitafuta ni tawi lenye mpindo unaolingana nalo. Tezo ndiyo huleta umbo, keke hutoboa njia ya misumari, na nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyolowa mafuta. Pande mbili za chombo zisipolingana, kitakwenda vizuri upepo ukiwa kulia na vibaya ukiwa kushoto, na hilo halirekebishiki kwa rangi. Fundi hulipima kwa kamba na kwa jicho, na jicho ndilo huwa na neno la mwisho.

Mashua inayoshindana mara nyingi ni ileile ya kazi. Wiki moja hubeba mchanga, mawe ya matumbawe au boriti za mikoko. Wiki inayofuata hupandishwa pwani maji yakipwa, hulazwa ubavu na kusafishwa. Kuna mapishi ya zamani: makuti huwashwa moto chini ya chombo ili wadudu watobozi wafe ndani ya mbao, kisha chaza na majani ya bahari hukwanguliwa, na mbao hupakwa mafuta au deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Wanaojiandaa kushindana husugua hadi kiganja kikipita juu ya mbao hakikwami. Mawe ya farumi, yale yanayokaa ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ili kisipinduke, hutolewa. Mahali pake huwekwa viroba vya mchanga vinavyoweza kunyanyuliwa na mtu mmoja. Tanga la kazi nalo hushushwa, na mara nyingi hupandishwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Chombo kimepunguziwa uzito wa chini na kuongezewa nguvu ya juu. Kikiachwa peke yake, kitapinduka. Uzito uliotolewa umerudishwa kwa njia ya binadamu, na tofauti ya binadamu na jiwe ni kwamba binadamu anaweza kuhama.

Kwa hiyo kuna ubao. Ni ubao mnene uliopitishwa ndani ya chombo, ncha moja ikabanwa chini ya ukingo wa upande wa demani, ncha nyingine ikatokeza nje, juu ya maji, upande upepo unakotoka. Mabaharia hutambaa juu yake mmoja baada ya mwingine. Upepo ukikaza, wanakwenda nje zaidi. Ukilegea, wanarudi ndani. Aliye mwisho wa ubao ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, kwa kuwa uzito wake huko nje una nguvu kuliko wa mtu aliyekaa ukingoni. Dharuba ikikatika ghafla, naye akachelewa nukta moja kurudi, chombo kitalala upande wake na atachovywa majini huku mashua ikikokota maji kwa mwili wake. Kwa hiyo hasubiri kuhisi chombo kimebadilika. Hutazama maji yaliyo mbele, upande wa upepo. Pale penye weusi na viwimbi vidogo upepo unakuja; pale panapong'aa kama sahani pana utulivu. Akiona pametulia, huanza kurudi kabla utulivu haujafika.

Zanzibar kwenye mashindano ya ngalawa jambo ni lilelile kwa sura nyingine. Ngalawa ina mirengu miwili iliyotandazwa pande zote, nayo hukizuia chombo kisilale. Mtu husimama kwenye mrengu wa upande wa upepo ili ule wa pili usizame na kushika maji. Ngalawa ni nyembamba, imechongwa katika gogo, na huruka zaidi. Mashua ni nzito na hukata. Wapenzi wa kila moja huwadharau wenzao kidogo, kama inavyostahili.

Yote haya ni rahisi upepo ukiwa nyuma. Kinachowatenga mabaharia ni kubisha, yaani kwenda kule upepo unakotoka. Hakuna tanga linaloweza kwenda dhidi ya upepo moja kwa moja. Chombo hukata mshazari upande mmoja, kikageuka na kukata mshazari upande wa pili, na kila mkato hukipandisha kidogo. Mwenye kana anaangalia ukingo wa mbele wa tanga. Akielekea upepo kupita kiasi, ukingo huanza kutetemeka na mwendo hufa. Akijiweka mbali nao, chombo kinakimbia vizuri sana lakini hakipandi, na baada ya robo saa atagundua amekwenda mbio na kufika kulekule. Mstari wa katikati ni mwembamba kuliko mtu anavyodhani, tena unahama, kwa kuwa upepo nao haukai mahali pamoja.

Halafu kuna kugeuka. Katika tanga la namna hii foromali hukaa upande mmoja wa mlingoti, kwa hiyo upande wa upepo ukibadilika tanga lote lazima lihamishwe. Hivi ndivyo inavyofanyika. Nahodha anatoa neno na kukigeuza chombo mpaka upepo uwe tezi. Demani inaachiwa kabisa, na tanga linaruka mbele ya omo likipepea. Joshi inafunguliwa, ncha ya chini ya foromali inavutwa mpaka kwenye mlingoti, foromali ikasimama wima. Mtu mmoja anakimbia na demani, anaipitisha mbele ya kila kitu, anaileta upande wa pili. Ncha ya foromali inasukumwa kuvuka, joshi inafungwa upya, demani inavutwa, na nahodha anakirudisha chombo kwenye upepo. Wakati huohuo viroba vya mchanga vinarushwa kutoka upande huu kwenda ule, ubao unachomolewa na kupenyezwa upande mpya, na waliokuwa nje wanatakiwa wawe nje tena, safari hii wakitazama upande mwingine.

Kazi hiyo yote hufanywa mahali padogo, juu ya mbao zilizolowa, tanga zima likipiga juu ya vichwa. Demani iliyoachiwa hupiga kama mjeledi. Foromali ikiyumba inaweza kumvunja mtu bega. Chombo chenye watu waliozoeana hugeuka bila kelele: utasikia neno moja la nahodha, kisha mbao, kamba na pumzi. Chombo chenye watu wasiozoeana utakisikia toka gatini, kila mtu akimwamrisha mwenzake. Wahenga walikwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama, nao nadhani walikuwa wamesimama gatini wakitazama mashua ikigeuka.

Kwa kuwa kugeuka kwa kupitia tezi hupoteza njia, chombo hurudi nyuma kidogo kila mara. Nahodha mzuri huyahesabu mageuzo yake kama mtu mwenye fedha kidogo sokoni. Anayegeuka mara tano pale palipotosha tatu ameshindwa hata kama kila geuzo lilikuwa zuri. Lakini anayeng'ang'ania mkato mmoja mrefu mno huukuta upepo umebadilika, naye yuko mbali na njia. Novemba ni mwezi wa shida hiyo hasa, kwa kuwa kusi limekwisha ondoka na kaskazi bado haijakaa sawasawa. Katika maleleji hayo, upepo wa asubuhi na wa alasiri huwa kama watu wawili wasiojuana.

Juu ya upepo kuna maji. Hili sisi wa ziwani hatulijui, kwa kuwa ziwa letu la Tanganyika halijai wala halipwi kila siku kama bahari. Kati ya Lamu na Manda maji huingia na kutoka kila siku, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo wake una nguvu ya kukirudisha nyuma chombo chenye upepo hafifu. Mkondo huenda kasi katikati, penye kina, na polepole kandokando. Nahodha anayepigwa na mkondo huambaa karibu na mikoko ya Manda, mahali maji yanapotulia, akijua kwamba akisogea urefu wa chombo kimoja zaidi mkuku utagusa mchanga na mashindano yake yatakwisha. Anayesaidiwa na mkondo hukaa katikati. Siri hiyo anaijua kila mtoto wa Lamu. Asichokijua kila mtu ni dakika ambayo mkondo hubadilika, na kwamba pembeni hubadilika kabla ya katikati. Anayeijua dakika hiyo huhama wakati wenzake wangali wanashangaa anakwenda wapi.

Maarifa haya hayafundishwi darasani. Kwa kawaida kijana huanzia ngamani, akifua maji kwa upo, yaani kata ya kutolea maji chomboni. Ni kazi isiyo na sifa, lakini ngamani ndipo mahali pa kujifunzia: anayefua maji anahisi kila mlalo wa chombo miguuni kabla ya kuuona kwa macho, na yuko chini ya kila mtu, kwa hiyo anaona mikono ya wote. Kisha huhamia kwenye viroba, kisha kwenye ubao, kisha kwenye joshi, na akijaliwa hupewa demani. Kana huja mwisho, na wengi hawafiki. Hakuna anayeona haya kwa hilo. Mtu wa joshi anayefunga na kufungua kwa wakati wake ana heshima yake kamili mjini.

Sasa niliseme lile ambalo ndilo lililonifanya niandike haya katika mji ulioko mbali na bahari. Hata ziwa letu lilikuwa na matanga. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili walipojikita Ujiji katika karne ya 19, walikuja na mafundi na maarifa ya pwani, na majahazi yakaanza kuonekana Tanganyika miongoni mwa mitumbwi ya wenyeji. Yalikuwa machache na yalitakwa sana. Machi 1858 Mwingereza John Hanning Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge kumwomba Shekhe Hamed bin Sulayyim jahazi lake kwa kukodi, akarudi mikono mitupu. Yeye na Richard Burton wakalazimika kuja huku kaskazini hadi Uvira kwa mitumbwi. Wasafiri Livingstone na Stanley nao, walipopita ufuko wetu mwezi wa Novemba 1871 na kuacha kumbukumbu inayohifadhiwa na jiwe la Mugere, walikuwa ndani ya mtumbwi wa makasia. Miaka michache baadaye baharia wa misheni, Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikitia chombo cha huko tanga na kulipima ziwa.

Kisha zikaja meli za moshi, na baada yake mashine ndogo za kufunga nyuma ya boti. Upepo haukwenda popote: kusi la kiangazi lingali linapuliza kuanzia Mei hadi Septemba kutoka kusini mashariki, likasukuma mawimbi juu ya ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670, na sisi tulioko kwenye ncha ya kaskazini ndio tunaoyapokea. Mafundi wa boti za mbao wapo. Wavuvi wapo. Tanga ndilo limeondoka, na limeondoka na kazi yake yote: joshi, demani, kubisha, kuyasoma maji.

Pwani nako mashine ilifika. Mizigo mingi iliyokuwa ya majahazi sasa inakwenda kwa lori na meli, na boti za abiria za Lamu zinanguruma kama za kwetu. Kwa hesabu ya biashara peke yake, ujuzi wa tanga ungekuwa umekufa Lamu kama ulivyokufa Bujumbura. Ulichobaki nacho ni mashindano. Watalii wamechangia, na tamasha lina zawadi zake, lakini hakuna mtalii anayeweza kumfanya kijana wa Matondoni akubali kukaa ngamani miaka miwili akifua maji. Anakubali kwa sababu anataka siku moja awashinde wa Shela. Ubishi wa vijiji umehifadhi kile ambacho biashara ilikiacha.

Na ujuzi uliohifadhiwa hivyo huwa tayari kwa kazi mpya. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Lamu chombo cha tanga kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, kikafunikwa kwa kandambili za rangi zote. Mwanzoni mwa 2019 kilisafiri kwa tanga hadi Zanzibar, na mwaka 2021 kikapelekwa Ziwa Nyanza kuhubiri habari ya taka. Mbao zake ni za plastiki, lakini mafundi walioziunganisha na mabaharia waliokiendesha hawakuhitaji kujifunza upya. Mikono ilikuwa inajua. Jahazi la pwani, basi, limekwisha kufika ziwani mara nyingine.

Nawaambia hayo vijana wa Buyenzi na Rumonge, na wenye boti wa ufuko wetu. Wavuvi wanaotoka usiku na taa kutafuta ndagala, wakiinua wavu mmoja kwa mikono mingi katika giza, tayari wanajua nusu ya kazi hii, nayo ni ile nusu ngumu: kufanya jambo moja kwa wakati mmoja bila kupigiana kelele. Fundi wa boti anaweza kusimamisha mlingoti. Tanga hushonwa na fundi cherehani yeyote mwenye subira. Hatari ipo, na kwetu ina viboko na mamba, hivyo mwenye kukaa mwisho wa ubao karibu na mdomo wa mto Rusizi atakuwa na sababu ya ziada ya kutochovya miguu. Basi njia ya mashindano ipangwe mbali na hapo, na kila mtu avae jaketi la kuokolea. Mitumbwi mitatu yenye tanga, alasiri moja ya Julai, kusi likipuliza, yatosha kuanzia. Alikeni nahodha mmoja kutoka Lamu aje akae nasi msimu mmoja. Ushindani utafanya mengine, kwa kuwa mwaka wa pili aliyeshindwa atarudi na tanga kubwa zaidi.